Farasi Hamsini na Tano Wamekwenda Wapi

Benchi letu limeegemea ukuta wa gereji ya mwanangu, na mguu wake mmoja umefungwa kwa waya ili usichomoke. Mimi nakaa mwisho wake na jiko la mkaa na birika. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Redieta alikuwa dereva wa teksi. Ameshastaafu, ila kichwa chake bado huchemka upesi. Kilo ananunua vyuma chakavu na kuvipima kwa mizani yake ya kuning'iniza. Antena anatengeneza simu, na hakuna habari inayofika mtaani kabla haijapitia kwake. Asubuhi hiyo walikuwa kwenye kikombe cha kwanza mjukuu wangu alipoingia na gari lake, akalizima katikati ya njia, akatoka na kuacha mlango wazi. Tunamwita Chapchap. Ni mtoto wa binti yangu, kwa hiyo fundi wa gereji ni mjomba wake. Nilimtazama usoni tu, nikajua kuna jambo. Mama yake alikuwa akirudi kutoka shuleni na uso ule ule siku alizopigana.

Chapchap: Mjomba yuko wapi?

Mimi: Kwani tumelala pamoja leo? Salamu iko wapi?

Chapchap: Shikamoo, bibi. Mjomba yuko wapi?

Mimi: Marahaba. Yuko chini ya lori. Kuna nini?

Chapchap: Amenidanganya. Farasi hamsini na tano hawapo!

Antena akapaliwa na kahawa. Kilo akageuka kutazama barabarani, kulia na kushoto, kama mtu atakayewaona wakipita.

Niwaeleze, maana na mimi nilielezwa. Mwanangu alimfungia Chapchap turbo, kidude kinachoilazimisha injini kumeza hewa nyingi kuliko ilivyozoea. Walipomaliza wakalipandisha gari kwenye mashine ya mwanangu ya kupimia nguvu, wanaiita daino. Gari linakalishwa juu ya roli za chuma, linafungwa mikanda, kisha mtu anakanyaga mafuta mpaka mwisho, linanguruma kufa na haliendi popote. Mashine ikasema injini ina nguvu ya farasi mia tatu na kumi. Siku hiyo Chapchap alininyanyua juu na kanga yangu ikadondoka. Jana akalipeleka kwa fundi mwingine mwenye daino mpya, kujionyesha tu. Ile ikasema mia mbili hamsini na tano.

Chapchap: Fundi wa kule amecheka, bibi. Amecheka mbele ya watu. Akaniambia nimefungiwa turbo ya maonyesho.

Redieta: Tulia, kijana. Mara ya kwanza mlipima saa ngapi?

Chapchap: Asubuhi mapema.

Redieta: Na jana?

Chapchap: Jua la utosi.

Redieta: Basi kesi imekwisha! Injini inavuta pumzi kama mimi na wewe. Hewa ya asubuhi ni nzito, imeshiba. Ya mchana ni nyepesi, imechoka. Mimi teksi yangu asubuhi ilikuwa inapanda mlima wa hospitali kwa gia ya tatu. Mchana, na abiria yule yule, gia ya pili!

Kilo: Abiria alikuwa ameshakula. Acha fiksi. Joto haliwezi kumeza farasi hamsini. Suala ni mizani. Mimi nina mizani yangu, na kiwandani wana ya kwao. Chuma kile kile, hatujawahi kupatana hata siku moja.

Antena: Ya kwako tunajua kwa nini hampatani.

Kilo: Nyamaza, wewe. Hebu fikirini ile mikanda. Wakiikaza sana, tairi linabanwa kwenye roli, linajisugua. Farasi wanaishia kwenye kuunguza mpira. Wakiilegeza, tairi linateleza. Kila mwenye mashine ana mkono wake wa kukaza.

Redieta: Hilo kidogo lina akili. Wahenga walisema...

Antena: Wahenga hawakuwa na turbo! Nisikilizeni mimi. Ndani ya ile mashine kuna kompyuta. Kompyuta ina mahali pa kuambiwa iongeze. Tairi likisema mia mbili hamsini na tano, yenyewe inakisia wangapi wamepotea njiani kutoka kwenye injini, inawarudisha kwenye hesabu. Mteja anaondoka anachekelea.

Chapchap: Kwa hiyo mjomba alijua?

Mimi: Antena, angalia unachosema. Hawa ni mtu na mjomba wake.

Antena: Sijamtaja mtu, bibi. Tena kuna jambo lingine. Farasi wenyewe ni wa aina mbili. Kuna farasi mkubwa na farasi mdogo. Ukiwahesabu wadogo, wanakuwa wengi.

Kilo: Umewaona wapi?

Antena: Nimesoma. Na mtu akisimama karibu na mashine ana simu mbili mfukoni, namba inapanda. Siku ile ya kwanza nani alikuwa na simu mbili?

Chapchap: Wewe.

Antena: Unaona!

Redieta: Mimi nasema gari lina aibu. Mnacheka? Kwa mjomba limezoea, linajiachia. Kule limefungwa mikanda mbele ya watu wasiolijua, linabana pumzi.

Nilitaka kucheka, maana hata mimi dada wa zahanati akinipima presha inakuwa juu, nikija kupimwa na jirani yangu hapa nyumbani inashuka. Lakini kijana hakuwa amekaa. Alikuwa anazungusha funguo kidoleni, zinaanguka, anaziokota, anazungusha tena.

Chapchap: Haidhuru. Fundi wa kule amesema nikirudi leo mchana ataongeza presha. Mpaka jioni farasi wote wamerudi, na wengine juu yake. Keshokutwa Jumapili nashindana na wenzangu kupanda kilima.

Mimi: Presha ya nani inaongezwa?

Chapchap: Ya turbo, bibi.

Mimi: Mimi ya kwangu nameza vidonge ishuke, wewe unakwenda kuomba iongezwe?

Wakacheka. Mimi nikaiweka birika chini. Mwaka juzi, kwenye kilima hicho hicho, gari la kijana mmoja lilipasuka injini. Chuma kilitoboa boneti, mafuta yakamwagika chini ya matairi yake mwenyewe, akaenda nalo hadi mtaroni, hakutoka hai. Mama yake hununua kahawa kwangu. Haulizi bei, wala hasemi. Anasimama tu mpaka nimpe.

Ndipo mwanangu akatokea, anafuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa amesikia.

Fundi: Ukiongeza presha pale, pistoni hazitahimili. Nimekwambia tangu mwanzo. Nimefunga turbo, ila ndani ni vyuma vile vile vya kiwandani.

Chapchap: Mjomba, ipi inasema kweli? Mia tatu na kumi au ile nyingine?

Fundi: Mashine hazifanani.

Chapchap: Sikuuliza zinafanana. Nimeuliza ipi ya kweli.

Fundi: Mimi gari nalijua kwa sikio.

Chapchap: Sikio! Nikawaambie wenzangu sikio la mjomba limesema? Naondoka.

Fundi: Ukienda kule, gari hili usilirudishe hapa.

Antena akatazama kikombe chake. Maneno kama hayo, mwanangu alimwambia mdogo wake zamani, siku ya mirathi ya baba yao. Mdogo mtu hakurudi. Bado nasikia lango lilivyogonga.

Kwenye mwisho wa pili wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni. Betri ya gari lake ilikuwa ndani inachajiwa, akaja kusubiri kivulini. Alikuwa ananywa polepole. Akasafisha koo.

Mgeni: Samahani, baba zangu. Kabla halijafungwa hiyo turbo, lilikuwa na wangapi?

Redieta akainua kidole, akakishusha.

Kilo: Kwenye mashine ipi?

Mgeni: Yoyote.

Antena akamtazama Redieta. Redieta akamtazama fundi. Fundi akakikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua.

Fundi: Hatukulipima.

Chapchap: Hatukulipima?

Fundi: Ulikuja umeikumbatia ile turbo kama mtoto mchanga. Ukasema funga leo leo, mjomba. Nikafunga. Na mimi nilikuwa na hamu kuliko wewe.

Chapchap: Basi mia tatu na kumi... tuliongeza ngapi?

Fundi: Sijui, mwanangu.

Chapchap: Hata kama ni kumi?

Fundi: Hata kama ni kumi. Sijui.

Sijawahi kumsikia mwanangu akisema sijui mbele ya watu, na nimemzaa mimi. Simu ya Chapchap ikalia. Akaiangalia, akaipokea, akaiweka sauti ya juu. Alikuwa fundi wa kule.

Sauti ya simu: Vipi, kaka, uko wapi? Mashine iko tayari, nimekuwekea nafasi.

Chapchap: Nakuuliza kitu. Ukiongeza hiyo presha, injini yangu itakuwa imetoka wapi ifike wapi? Mwanzo kabisa gari lilikuwa na farasi wangapi?

Sauti ya simu: Ha! Hayo ya mwanzo ya nini sasa? Yameshapita! Wewe lete gari, mimi nitakupa namba utakayoipenda.

Akacheka. Kicheko kikajaa pale benchini. Chapchap akakata simu, akabaki ameishika kama kitu cha moto.

Chapchap: Mjomba. Kuitoa turbo, tulipime gari lilivyokuwa, kisha kuifunga tena. Kazi ya muda gani?

Fundi: Jumapili itakuwa imeshapita.

Kijana akatazama gari lake pale katikati ya njia. Mdomo ulikuwa unamcheza, ana miaka ishirini na mitatu lakini mimi niliona wa miaka sita. Wenzake watamcheka, hilo nilijua. Nilishika ukingo wa benchi, niliogopa neno langu lisije likamsukuma upande mwingine.

Akamrushia mjomba wake funguo.

Chapchap: Fungua boneti, kabla sijabadili mawazo.