Ramani za Vidole za Fundi Yusto

Ndugu waombolezaji, kaka yetu Yusto Fransisko alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Mwazye, mtoto wa nne wa mzee Fransisko na mama Silvana, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1977 hadi 1983, ambako kukaa kwenye dawati kulimshinda, ila dawati likivunjika aliitwa yeye. Mwaka 1986 alikuja Sumbawanga kujifunza useremala, na tarehe 18 Septemba 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu Jovina, wakajaliwa Monika na Basil.

Mwaka 2009 Jovina alipofuka kwa presha ya macho, na siku moja hospitalini, akitafuta maabara peke yake, aliingia wodi ya wanaume, watu wakamcheka. Tangu siku hiyo Yusto hakutulia. Alipima korido kwa hatua, akatengeneza ramani ya ubao ya kusomwa kwa vidole, njia zikiwa punje za ulezi zilizobandikwa kwa gundi na milango punje za mahindi, tukamwonya kwamba hiyo ni ghala, ikawa kumpigia mbuzi gitaa, na wiki haikuisha panya wakala maabara yote na nusu ya wodi ya wazazi. Akaanza upya kwa patasi. Ramani ya pili ilipotundikwa mlangoni pa hospitali, wakubwa wa hapo wakaipenda mno, wakaiwekea kioo isichafuke, akaenda kukibandua mwenyewe, akaishusha hadi usawa wa kiti cha magurudumu. Kila chumba kilipohamishwa alikimbilia huko na patasi, hata Jumapili, na tusifiche, alituchosha.

Tarehe 29 Mei 2025 alilazwa hospitali hiyo hiyo kwa ugonjwa wa ini, Jovina akawa anamfikia kila siku bila kushikwa mkono. Tarehe 5 Juni wodi ilihamishiwa jengo la nyuma, Yusto akaomba patasi yake kitandani, tukamwambia apone kwanza, na shemeji tukasahau kumwarifu. Asubuhi iliyofuata hali ilibadilika, Jovina akaitwa, akapapasa ramani, akaifuata bila kukosea hatua, akafika kwenye chumba kitupu kinachopakwa rangi. Alipoletwa kwetu, mumewe alikuwa ameshakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi wenzake waliochonga jeneza hili. Shemeji, utusamehe. Kaka, sasa tumeelewa kwa nini hukutulia, ramani tutairekebisha sisi, wewe pumzika kwa amani.