Mtoto Aliyeongezeka Kitabuni

Kijiwe cha kahawa cha Maganzo kilikuwa na kelele kila alasiri tangu vita kuu viishe. Siku hiyo kilinong'ona. Bwana Pasi, dobi wa wazungu, alikuja na vitabu vitatu vya picha alivyopewa na mama mmoja wa kizungu, vyote vya familia moja ya viumbe weupe, wanene kama vibuyu, wanaoishi shimoni. Donatus, mchimba almasi aliyemzika bintiye Limi mwaka jana, alikaa pembeni akiwacheka viumbe hao. Kicheko hakikudumu.

— Mbona hawana midomo? aliuliza Chekeche, mchimbaji mwenzake.

— Labda mchoraji kasahau, alisema Bwana Pasi.

— Asahau vitabu vitatu? Hawa misukule, bhabha! Msukule si hukatwa ulimi asije akamtaja aliyemchukua?

— Acha mambo yako, alisema Donatus.

— Haya, hesabuni, alisema Chekeche. Cha kwanza: baba, mama, watoto wawili. Cha pili vilevile. Cha tatu je?

Bwana Pasi alihesabu kwa kidole, kisha akahesabu tena.

— Watoto watatu. Huyu mdogo katoka wapi?

— Kaongezwa! Huku tunazika, kule wanaongezeka. Ndiyo maana tukichimba tunasikia vishindo chini!

— Tena kavaa shanga za buluu mguuni, alisema Bwana Pasi.

Donatus alimpokonya kitabu. Shanga za buluu, mguu wa kushoto. Alimfunga Limi shanga kama hizo mwenyewe, kwa mikono yake, siku ya mazishi. Aliogopa sana, na katikati ya woga huo, aibu hata kusema, alifurahi. Msukule hajafa. Msukule hurudishwa.

— Kafukue, alisema Chekeche. Kaburi likiwa tupu, ujue yuko kwa hawa. Ukamdai!

Donatus alinyanyua sururu yake. Wenzake nao wakasimama, ingawa hakuna aliyetamani kwenda.

Ndipo Apolonia, mkewe, alipofika akitoka kisimani, mtungi kichwani. Walimweleza, huyu akimkatiza yule. Aliitazama picha ile kwa muda mrefu bila kulia.

— Baba Limi, alisema, kaburi likiwa tupu nimesikia utakalofanya. Na ukimkuta humo?

Donatus aliweka sururu chini, akakaa tena.