Historia ya Nzilani, Aliyekataa Kupigwa Picha Peke Yake

Mchungaji, majirani wetu wa Mwala, na nyinyi wa kiwanda mliokuja na nguo za kazi, mimi ni Ndinda, dadake Nzilani, na mniwie radhi nikisoma mbio kidogo, kwa sababu hawa wenzake wanatakiwa Athi River saa kumi na mbili jioni, na meneja amesema atakayechelewa asiingie tena.

Nzilani alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962 hapa Mwala, akasoma mpaka darasa la saba, wazazi wakakosa karo ya kuendelea, akaenda Machakos mjini kujifunza kushona, na ni yeye baadaye aliyenipeleka gumbaru, masomo ya watu wazima, ndiyo maana hii karatasi nimeandika mimi na nasoma mimi. Mwaka wa 1984 alifunga ndoa na Festus Musembi, Mungu akawapa Josphat na Mbula.

Mwaka wa 1999 aliingia kiwanda cha nguo pale EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje kule Athi River, laini ya suruali, ile safu ambapo kila mshonaji ana kipande chake, yeye kazi yake ni zipu, na Mei 2003 akachaguliwa mfanyakazi bora, yule wa kuwekwa picha ukutani pale getini. Alifika na laini yote nyuma yake, hata Aloys fundi wa mashini. Mpiga picha akasema, "Mama, picha ni ya mtu mmoja." Nzilani akamjibu, "Basi piga picha suruali, uniambie mfuko ameshona nani." Watu wakacheka, meneja hakucheka, na mwezi huo ukuta ukakaa wazi. Nyumbani tulimgombeza, Festus akamwambia, "Wewe umekataa heshima hivi hivi," lakini yeye alisema hawezi kupita hapo kila asubuhi akijiangalia na wenzake hawako.

Oktoba 2005 alianza kuugua figo, akalazwa Machakos, akarudi, akalazwa tena, na Jumanne tarehe 14 Machi 2006 akatutoka. Kiwanda kikasema watu wawili wa laini wanatosha kuja kumzika. Wamekuja wote.

Tunashukuru madaktari na manesi, majirani mliochota maji, na nyinyi wa laini, ambao kesho sijui mtaambiwa nini. Saa inakimbia, kwa hivyo mimi na shemeji Festus tumeongea. Kawaida watu wa nyumbani ndio huanza kutupa mchanga, lakini leo mtaanza nyinyi, wote, bila kungoja kuitwa majina, halafu mpande lori muende. Sisi tutangoja. Nzilani, pumzika kwa amani, watu wako wanakuja kaburini sasa.