Fabrice Hajasema Auti

Mwaka ule wa tisini na sita, kijiwe cha jirani na stesheni ya Mpanda kilikuwa na benchi moja la mninga lenye mguu mfupi, na aliyekaa mwisho alijifunza adabu. Birika lilikuwa la Hilaria, mama mtu mzima aliyeuza kahawa na kashata, na masikio pia yalikuwa yake. Nyumba yake na ya Fabrice zilichangia ukuta mmoja wa matofali mabichi, na tofali bichi halijui kutunza siri. Ndivyo mji ulivyojua kwamba Fabrice, anayeshika redio kol ya kampuni moja ya malori, akiitana na vituo vyake vya Ikola na Mwese, alisali na mkewe Emelyne mpaka mwisho, akafunga kwa kusema, "Amina, ova." Hilaria alimwambia mtu mmoja tu. Bahati mbaya mtu huyo alikuwa Waziri, fundi baiskeli anayetangaza habari kama katoka kikaoni. Sasa leo, saa tatu asubuhi, siku ya kazi, Fabrice mwenyewe kaja, kakaa pale mwisho, funguo za chumba cha redio zinaning'inia kidoleni.

— Mawimbi hayo, alisema Waziri. Ikola inaingia sikio la kulia, Mwese la kushoto, zinagongana katikati. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kimeshajaa, alisema Sixte, aliyeitwa Padri kwa kuwa alikaa seminari muhula mmoja. Jana sokoni kaulizwa anataka nyanya za fungu gani, kajibu, "Rudia, sikupati."

— Na dagaa je? Miezi yote Ikola wanamtajia magunia ya dagaa. Dagaa ukiwasikia sana bila kuwala, wanataga.

— Wanataga wapi, Waziri?

— Kwenye ubongo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Hiyo methali imeingiaje hapa?

— Iache ikae. Itapata kazi.

Hilaria akammiminia Fabrice kikombe cha pili bila kuombwa. Ile Amina aliyoitoa ukutani ilikuwa inamsuta.

— Dagaa hawana kosa, alisema Fabrice. Tulikuwa wawili. Cyriaque akapunguzwa, bosi akasema nishikilie wiki mbili. Hii miezi kumi na minne. Jumapili nipo. Nikila, mkono huu kijiko, huu kipaza sauti. Ova.

Waziri alicheka. Alicheka peke yake, akaacha.

— Ova ndiyo nini hasa, mwanangu? aliuliza Hilaria.

— Nimemaliza, sema wewe. Kuna na auti, mama. Auti ni mazungumzo yamekwisha, usinijibu. Hiyo sijaisema tangu Cyriaque aondoke.

— Sasa mbona leo umetoka? aliuliza Padri.

— Wiki jana Mwese waliniita. Wana mzazi, uchungu umemshika, lori la kwanza limpakie. Mimi nikasikia viazi, nikaandika viazi. Viazi vinasubiri, lori likapita. Wakambeba kwa machela kutoka mlimani mpaka hospitali huku chini. Kajifungua salama. Lakini mimi nimeandika mtu viazi. Nikamwandikia bosi barua: nipe mtu wa pili na Jumapili yangu. Hajajibu. Leo nimefunga mlango.

Pikipiki ikasimama. Alikuwa Rehani, bosi mwenyewe.

— Fabrice, rudi. Mezani kwangu kuna barua kumi za watu wanaoitaka kazi yako.

— Kumi, bosi? Mimi nilikuomba mmoja.

Padri akainamia kashata yake. Rehani akanyoosha mkono apewe kahawa.

— Imeisha, alisema Hilaria.

Birika lilikuwa linatoa mvuke. Waziri aliuona mvuke, akaangalia reli.

— Mwisho saa nne, alisema Rehani. Ikipita hujarudi, kazi huna.

Kwenye gunia la mchele, hatua tatu kutoka pale, alikaa mama mmoja aliyeshuka na mzigo kutoka Majimoto, hajuani na mtu.

— Samahani, baba, alimwambia Rehani. Mimi mgeni, msinicheke. Huyu kaka zamu yake inaishaga saa ngapi?

Rehani akaangalia saa yake, kana kwamba jibu limo humo. Waziri, anayejua mawaziri wote na majimbo yao, akaanza kuzungusha pedeli isiyo na shida.

Fabrice akaweka funguo juu ya benchi, upande wa mguu mfupi, zikamtelezea bosi mwenyewe.

— Ukimpata wa pili, nyumbani unapajua. Nakwenda kulala. Auti.

Akaondoka bila kugeuka.

Mchana ule dirisha la ofisi lilitoa sauti ya Rehani ikiita Ikola, ikiita Mwese, ikiomba warudie. Hilaria alirudi nyumbani mapema, akakaa karibu na ukuta kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Waziri alipomuuliza kasikia nini, alisema hajui, ukuta siku hizi umekuwa mnene.