Mstari Nilioufuta Daftarini

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Mimi ni Mwita, mlinijua kwa vumbi la shimo kabla hamjanijua kwa kompyuta.

Miaka ile dhahabu ilipopamba moto hapa Nyangoto, nilikuwa nashuka shimoni na kaka yangu. Siku shimo lilipoporomoka, mimi nilikuwa juu. Yeye tulimtoa akiwa ameshakata roho. Mke wangu Bhoke akanisihi nisishuke tena, na binamu yetu wa ng'ambo ya mpaka akanipa kompyuta yake kuukuu, akanifundisha kuandika programu.

Nikaanza kukusanya daftarini vipande vya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, vilivyofanya kazi, makosa niliyoyapata na jinsi nilivyoyarekebisha. Lakini ndugu zangu, moyo ulikuwa bado wa mchimbaji. Mchimbaji akiona mwamba wenye dhahabu anaufunika. Nami katika kila kipande nilifuta mstari mmoja makusudi, nikaubakiza kichwani, ili mwizi wa daftari asifaidi. Walioniomba niwaonyeshe niliwafukuza. Nilikuwa mchoyo jamani!

Zahanati moja ikanipa kazi ya majaribio, programu ya kuwakumbusha akina mama siku za kliniki. Nikishindwa, narudi shimoni, maana watoto lazima wale. Imebaki siku moja nikabidhi, tarehe zikawa zinajipanga ovyo. Nikafungua daftari. Mstari niliouhitaji ndio ule nilioufuta, na kichwani haumo. Niliomba, nikalia, kisha nikaenda kutafuta tochi yangu ya shimoni.

Bhoke alinikuta nayo mkononi. Hakugomba. Alileta daftari lake la kwaya, akafunua kurasa za nyuma. Kumbe kila nilipokaa na kompyuta, yeye akimenya mihogo, akiniuliza hiki kinafanya nini nami nikimjibu bila hata kumtazama, majibu yangu alikuwa anayaandika. Tarehe: mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku, ndipo upange. Mke wangu huyu aliishia darasa la saba.

Nikamuuliza aliandika ya nini.

"Baba Ghati," akasema, "nilitaka niijue hiyo kazi inayokuzuia usirudi shimoni."

Zahanati waliipokea programu. Namshukuru Mungu aliyeniokoa kwa mkono wa mtu niliyekuwa simtazami. Mtumainini, ndugu zangu. Anachokupa hakipungui ukikigawa.

Juzi baba mmoja alinipigia simu akiwa machimboni, akauliza kama amechelewa kujifunza. Ndugu yangu, kama umo humu ndani, hujachelewa. Baada ya ibada usiondoke. Bhoke ndiye atakayekufundisha, nami nitakaa pembeni yako, maana bado najifunza kwake.