Sakafu Niliyoogopa Kuitengeneza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Narudia, maana walioko nyuma walikuwa bado wanapanga magunia na kuwatuliza kuku: Bwana asifiwe!

Asanteni. Mimi ni Baba Neema, yule wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Mwamkulu. Wengi wenu mnaniita Profesa. Sijawahi kuwa profesa. Nilisoma chuo kikuu, nikafundisha kidogo kwa mkataba, mkataba ukaisha, nikarudi nyumbani kumsaidia baba kwenye mashine yake kwa muda mfupi, huku natafuta kazi inayonifaa. Muda mfupi huo umeniotesha mvi.

Nyie mnanijua zaidi kwa ombi langu. Kila Jumapili mchungaji akiuliza nani ana hitaji la maombi, mlikuwa mnageuka kuniangalia kabla sijasimama. "Naomba Mungu anitoe kwenye mashine." Maneno yale yale. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wananimalizia. Na nyie, Mungu awabariki, mliomba kwa uaminifu. Mlifunga. Kuna mama mmoja aliota ananiona napanda ndege.

Leo nimesimama kuwaomba mliondoe ombi hilo. Nivumilieni nieleze kwa nini, maana habari yenyewe hainipi sifa.

Mashine ile aliijenga baba. Mbele yake akamwaga sakafu pana ya saruji, ili watu waanike mpunga wao kabla ya kuukoboa. Enzi zake sakafu ile ilikuwa laini kama meza. Watu walitoka Kakese wakapita mashine nyingine njiani, wakaja kwake, kwa sababu ya sakafu tu. Alipoishiwa nguvu za miguu akaniachia kazi, akawa anashinda nyumbani. Ndipo sakafu ikaanza kupasuka. Kwanza ufa mmoja, halafu nyufa, halafu vipande vikabanduka na kusagika kuwa vijiwe vidogo, ukubwa wa punje ya mchele, rangi ya mchele. Mtu akizoa mpunga wake, anazoa na vijiwe.

Baba alikuwa ananiuliza, "Sakafu inaendeleaje?"

Namjibu, "Ipo, baba."

Na kweli ilikuwepo.

Msifikiri nilikosa uwezo. Mifuko michache ya saruji isingenishinda. Kilichonizuia, ndugu zangu, kilikuwa imani! Ndiyo, imani. Niliogopa kwamba nikinunua saruji, Mungu ataona nimekubali kubaki. Cheka tu, Mama Kabula, nakuona. Mtu unayeomba uhamishwe, unawezaje kukutwa umepiga magoti unaziba nyufa? Nilidhani kumtumaini Mungu ni kukaa umefunga mizigo. Nikaishi pale kama abiria wa stesheni ya Mpanda, mabegi miguuni, masikio kwenye reli, na huku watu wananiletea jasho lao la msimu mzima nilikoboe.

Mama Kabula huyu huyu aliniambia siku moja, mbele ya foleni nzima, "Profesa, leo unanipa mchele au unanipa barabara?"

Wote wakacheka. Nikamjibu kwa maneno makubwa ya chuoni, akanyamaza, nikajiona nimeshinda. Hakuwa ameshindwa. Hakuelewa tu, na mimi nilijua hataelewa.

Na siku ya mavuno kama leo, nyie mlileta mpunga, mahindi, karanga, kuku. Mimi nilileta bahasha, kama mtumishi wa serikali. Sikutaka kionekane madhabahuni kitu chochote kilichopita kwenye mashine ile. Baba aliniuliza, "Mwanangu, mchele wetu utaufikisha lini mbele za Bwana?" Nikamwambia mwaka ujao. Nilisema hivyo kwa sababu mwaka ujao nilitarajia kuwa mbali.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Siku moja mchana tulikuwa mezani, baba, mimi na mke wangu. Baba alikuwa amebakiwa na meno ya kuhesabika, akitafuna polepole upande mmoja. Mara tukasikia kitu kinalia mdomoni mwake. Kah! Akafumba macho. Akaingiza vidole, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni ya sahani. Halafu akatoa kipande cha jino, akakiweka karibu yake. Vilifanana.

Akauliza taratibu, "Mchele huu umekobolewa kwa nani?"

Mama Neema akaniangalia. Aliniachia mimi, kama inavyostahili.

Nikasema, "Wa sokoni, baba."

Baba akatikisa kichwa. "Basi msinunue tena kwa mtu huyo," akasema. "Mtu huyo hajali watu."

Akasogeza sahani. Hakula tena siku hiyo.

Ndugu zangu, nimesikiliza wahubiri wakubwa, nimehudhuria mikutano ya kufunguliwa mpaka Sumbawanga, nimewekewa mikono kichwani na watu wenye sauti za kutisha. Hakuna mahubiri yaliyonichoma kama yale ya mzee aliyekuwa anamsema mtu asiyemjua, na mtu huyo ameketi mbele yake anamimina maji kwenye glasi. Nilijiambia wiki hii hii naitengeneza sakafu. Kisha nikajiambia baada ya msimu. Na siri ya mchele nikapanga kumwambia baba siku akiwa na hali nzuri. Lakini alianza kuumwa kifua, na siku ya hali nzuri haikuja. Alitutoka kabla sijanunua hata mfuko mmoja. Alikwenda akiamini kwamba mtu asiyejali watu yuko sokoni.

Msiba mnaukumbuka, maana mlikuja wote. Kina mama walipoingia jikoni kupanga chakula, Mama Kabula akanijia pale nilipokaa na wanaume, akainama kwa heshima, akauliza kwa sauti ndogo, "Baba Neema, pole sana. Mchele wa msiba tuchukue wa kwako, au tutafute wa watu?"

Hakunidhihaki. Hata hakuniita Profesa. Aliuliza kama mtu mwenye kazi ya kulisha waombolezaji na asiyetaka aibu imfikie marehemu. Hakuna mwanaume aliyeuliza kwa nini. Baba mdogo, aliyesafiri kutoka Kapalamsenga kuja kumzika kaka yake, akaangalia chini. Hapo nikaelewa kwamba kila mtu alijua. Aliyekuwa hajui ni baba peke yake, na ndiye tunakwenda kumzika.

Ningeweza kusema wa sokoni. Neno lilikuwa karibu mdomoni, nimelizoea.

Nikasema, "Chukueni wa kwangu. Ila nipeni ungo."

Nyie mnajua msibani mwanaume anakaa wapi. Mimi niliondoka kwenye viti nikaenda kukaa kwenye mkeka katikati ya kina mama, ungo magotini, nikaanza kuchambua. Mwanzoni walinionea haya. Baadaye, mnawajua kina mama wetu, hata msibani hawakosi neno.

"Jamani, Profesa anasahihisha mitihani!"

"Mwacheni, anatafuta mawe yake. Anayajua kwa majina."

"Baba, hilo umeliruka. Hilo hapo! Macho yote uliyamalizia kwenye vitabu?"

Nilicheka, na katikati ya kicheko machozi yakaanguka kwenye ungo, na hakuna aliyeniambia nyamaza. Waliendelea tu kupepeta. Nikawa nachukua kijiwe, naweka pembeni. Kingine, pembeni. Miaka yote nilimwomba Mungu maombi marefu, yenye ramani na mji wa kwenda. Pale mkekani nikaomba dogo sana: Bwana, mchele huu usimuumize mtu. Hiyo tu. Na kwa mara ya kwanza tangu nirudi Mwamkulu, niliomba bila kuangalia pengine. Mikono yangu na moyo wangu vilikuwa kwenye ungo mmoja. Sikusikia sauti, sikuona nuru. Niliona punje. Nikaona kwamba kila punje inakwenda mdomoni mwa mtu ambaye Mungu anamjua jina, na kwamba Mungu alikuwa ameniweka mlangoni pa midomo hiyo miaka yote, na mimi nikawa namwomba anitoe hapo anipe kazi ya maana!

Chakula kikaliwa. Nilisimama mbali namwangalia baba mdogo, maana ana meno kama ya kaka yake. Alitafuna polepole. Nilikuwa nasikiliza ile kah! Haikuja. Akainua sahani akaomba aongezewe.

Huo ndio ukombozi wangu, ndugu zangu. Najua mlitegemea ndege.

Baada ya matanga nilikwenda mjini Mpanda kwa Mzee Hamisi, anayeuza vifaa vya ujenzi. Nikaagiza saruji. Akanishangaa.

"Profesa, unajenga? Mbona nasikia huko kanisani wanakuombea uhame?"

"Wameniombea sana, mzee wangu."

"Na ombi limejibiwa?"

"Limejibiwa. Nabaki."

"Alhamdulillahi," akasema, akamwita mpakiaji. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia ushuhuda huu, na alisema ameni kwa namna yake.

Sakafu sasa ni laini. Niliisugua mwenyewe, kwa magoti. Mnaanika, mnazoa, mnakoboa, na Mama Kabula hanisemi tena, jambo linaloniogopesha kidogo. Lakini sitawadanganya kwamba ushuhuda huu umeisha vizuri kila upande. Mungu amenisamehe, hilo ninalo. Baba hakupita juu ya sakafu hii mpya. Hakuula mchele ule niliouchambua. Uliliwa kwa ajili yake. Kila jioni nikiifagia, kuna mtu natamani aniulize inaendeleaje, na safari hii nina jibu.

Kwa hiyo nakusihi wewe uliyekaa hapo, mwenye duka, mwenye chaki, mwenye cherehani, mwenye jembe, uliyefunga mizigo moyoni ukisubiri Bwana akupe mahali pazuri zaidi ndipo uanze kumtumikia. Mtumaini leo, hapo hapo ulipo. Kama atakuhamisha, atakuhamisha. Yeye si wa kuzuiwa na mifuko ya saruji. Lakini ziba nyufa zako wakati yupo wa kuzipita.

Leo sina bahasha. Gunia langu liko pale mbele, la tatu kutoka kwenye yale mahindi. Baadaye litanadiwa pamoja na sadaka nyingine. Atakayelinunua apike, ale, awape na wazee. Na akikuta jiwe, nawaombeni, asiseme mchele huo ni wa sokoni.

Ni wangu.