Mechthild, Aliyemtafutia Babu Yake Kwao

Baba Paroko, ndugu wafiwa, majirani wa Ostholte na wageni wetu wa Hasselrode, mpendwa wetu Mechthild Overkamp alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 katika shamba la Brinkhege, hapa hapa Ostholte, akiwa binti mkubwa wa marehemu Bernhard Brinkhege na mkewe Klara, akabatizwa kanisani humu.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1953, na huko ndiko alikorushiwa ule utani wetu wenye sumu, "Nyie babu yenu aliokotwa njiani!", kwa kuwa babu wa kwanza wa ukoo, Johann Brinkhege, anaibuka tu katika kitabu cha ndoa cha mwaka 1711, wala ubatizo wake hauonekani popote. Bernhard aliposikia maneno hayo kilabuni alikuwa akiiacha bia yake mezani na kwenda zake, na alipokuwa akikata roho mwaka 1969 alimwambia bintiye, "Mtafutie mzee kwao."

Mechthild alihitimu ushonaji mwaka 1965, akashona magauni ya harusi hadi alipostaafu mwaka 2007, na tarehe 14 Mei 1971 alifunga ndoa na Alwin Overkamp, aliyehamia shambani kwa mkewe, wakajaliwa Reinhild na Clemens. Likizo zake zote alizimalizia kwenye vitabu vya kanisa, akihangaika na Kilatini cha mapadre na mwandiko wao wa kuku, akiwasaka akina Brinkhege parokia hadi parokia, na kurudi mikono mitupu, mkali, hasemezeki.

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya kongosho, naye, jamani, hakuulilia uhai, alilia kwamba angekutana na baba yake bila jibu. Asubuhi moja ya Oktoba, tukinywa kahawa, jirani Hubert, yupo hapa na asikane, alifoka getini, "We Brinkhege, toa trekta lako nipite!", na Alwin akainuka bila kinyongo, maana kwetu mwanamume akihamia shamba la mkewe huitwa kwa jina la shamba, apende asipende. Mechthild akaweka kikombe chini, akasema, "Mungu wangu, ujinga gani huu! Si na Johann naye alihamia kwa mke!"

Alirudi kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Johann, akamtazama msimamizi ambaye siku zote alikuwa akimruka kwa kuwa hakuwa Brinkhege, mtu wa Hasselrode aitwaye Tiggelbeck, na katika kitabu cha Hasselrode akamkuta Johann Tiggelbeck, amebatizwa tarehe 9 Novemba 1684, mwana halali wa Heinrich na Elisabeth, na pembeni padre ameandika kwamba alioa Ostholte, kwa Brinkhege. Alicheka, akalia, akaomba apelekwe kaburini kwa baba yake, akamwambia, "Baba, ni wa Hasselrode, hapo ng'ambo ya mto tu!"

Tangu siku hiyo alilala usingizi wa mtoto, na tarehe 11 Februari 2023 alituaga nyumbani, bila kuhangaika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani, ambao kwa desturi ndio wabebaji wa jeneza, na Hubert, ambaye leo ameomba nafasi yake ishikwe na Wilfried Tiggelbeck wa Hasselrode, kwa kuwa, alisema, "Huyu ni ndugu yake, mimi nilikuwa nataka njia tu."

Pumzika kwa amani, Mechthild, unabebwa na wa kwenu.